José Canalejas na Jitihada ya Kuuokoa Ufalme wa Uhispania kwa Mageuzi, 1910–1912

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na wageni wote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie safari ya kisiasa ya José Canalejas y Méndez, aliyekuwa waziri mkuu wa Uhispania tangu tarehe 9 Februari 1910 hadi alipouawa kwa risasi tarehe 12 Novemba 1912. Muda huo haukufika miaka mitatu, lakini ndani yake ziliwekwa sheria nyingi zenye uzito kuliko zilizowekwa na serikali nyingine yoyote ya enzi ya Mfalme Alfonso XIII kabla ya udikteta wa mwaka 1923. Ninachokishikilia nitakisema mapema, ili mnaonisikiliza mpate kunipima nacho. Canalejas alikuwa mwanamageuzi wa dhati, na sehemu kubwa ya kazi yake ilipunguza mzigo uliokuwa mgongoni mwa maskini. Hata hivyo aliifanya kazi hiyo kwa mkono wa dola ambayo wananchi hawakuwa na uwezo wa kuiwajibisha, na dola hiyo hiyo aliwageuzia wafanyakazi walipotaka kujisemea wenyewe. Wengi wanapomtaja huanza na ugomvi wake na Kanisa. Mimi nitaanza na uandikishaji wa askari, kwa sababu naamini ndiko mtu huyu anakoonekana mzima, kwa wema wake na kwa upungufu wake.

Kwanza, kwa kifupi, asili yake. Alizaliwa tarehe 31 Julai 1854 huko Ferrol, mji wa bandari ya kijeshi katika jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi mwa nchi. Baba yake alikuwa mhandisi na mtu wa reli. Ami yake, Francisco de Paula Canalejas, alikuwa profesa wa falsafa katika kundi la wasomi waliotaka elimu na dola zisimame kwa miguu yao bila kushikwa mkono na makasisi. Kijana José alisoma sheria na fasihi mjini Madrid, na mwaka 1878 akashindania kiti cha uprofesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Madrid. Kiti hicho kilichukuliwa na Marcelino Menéndez Pelayo, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili, na ambaye baadaye alikuja kuwa msomi mashuhuri kuliko wote wa upande wa Ukatoliki wa kihafidhina. Canalejas aligeukia uwakili na siasa, na mwaka 1881 akaingia bungeni akiwa mbunge wa Soria.

Hapo lazima nieleze ni bunge la namna gani aliloingia, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Katiba ya mwaka 1876, iliyotungwa baada ya jamhuri fupi kuanguka na ufalme kurudi, ilimwachia mfalme madaraka makubwa: yeye ndiye aliyeteua na kuondoa mawaziri, na yeye ndiye aliyetia saini amri ya kulivunja bunge. Vyama viwili, cha wahafidhina chini ya Cánovas del Castillo na cha waliberali chini ya Sagasta, vilikubaliana kupokezana serikali kwa zamu. Mfalme alipoona zamu ya chama kimoja imekwisha, alikiita cha pili; kiongozi aliyeitwa alipewa amri ya kulivunja bunge, na waziri wake wa mambo ya ndani akakaa na orodha ya majimbo akipanga nani ashinde wapi, wingi wa viti ukienda kwa chama kilichoitwa na viti vya kutosha vikibakizwa kwa wapinzani. Vijijini kazi ya kuyatimiza hayo ilikuwa ya vigogo wa wilaya, walioitwa caciques, watu wa kugawa ajira, kufuta faini, kumkwamua kijana wa mtu asiende jeshini. Mwaka 1890 wanaume wote wenye umri wa miaka 25 na zaidi walipewa haki ya kupiga kura, lakini mtindo ule uliendelea kama kwamba hapakuwa na kilichobadilika. Serikali ndiyo iliyozaa bunge, si bunge lililozaa serikali.

Ndani ya utaratibu huo Canalejas alipanda haraka. Mwaka 1888 alikuwa waziri wa maendeleo, kisha waziri wa sheria, na katika kipindi chake cha wizara hiyo, mwaka 1889, ndipo Uhispania ilipopata Sheria ya Madai iliyounganishwa katika kitabu kimoja. Mwaka 1894 alishika wizara ya fedha. Mwaka 1897, vita vya kupigania uhuru wa Kuba vilipokuwa vimepamba moto, alisafiri kwenda Marekani na Kuba kujionea mwenyewe, naye akaona hali ya jeshi la Uhispania kule: vijana wengi waliokufa walikufa kwa homa ya manjano na maradhi mengine kuliko kwa risasi za adui. Mwaka uliofuata Uhispania ilipoteza Kuba, Puerto Rico na Ufilipino katika vita vya miezi michache. Mshtuko wa mwaka 1898 uliwafanya Wahispania wa kila upande wadai nchi itengenezwe upya, na Canalejas alikuwa mmoja wa walioamini kwamba utengenezaji huo lazima uanzie kwenye dola yenyewe.

Uliberali wa zamani ulisema dola ikae pembeni, iache watu wapatane wenyewe katika soko. Canalejas alikataa. Alisema mfanyakazi asiye na kitu na mwajiri mwenye kiwanda hawawezi kuitwa watu wawili huru wanaopatana, na kwamba dola ina wajibu wa kuingia kati. Mwaka 1902, akiwa waziri wa kilimo, viwanda na biashara katika serikali ya mwisho ya Sagasta, alipendekeza kuundwa kwa taasisi ya kazi itakayochunguza hali ya wafanyakazi na kuandaa sheria. Aliwashirikisha wasomi kama Adolfo Posada na Adolfo Buylla. Mpango huo haukupita wakati wake, kwani alijiuzulu mwezi Mei mwaka huo huo alipoona serikali inalegea katika suala la mashirika ya watawa, lakini mwaka 1903 serikali ya wahafidhina ilichukua wazo lile lile na kuunda Taasisi ya Mageuzi ya Kijamii. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema alikuwa mpinga makasisi tu aliyekumbuka wafanyakazi baadaye. Kumbukumbu za mwaka 1902 zinawakanusha.

Sasa tuingie katika suala la jeshi. Kila mwaka vijana wa kiume waliofikia umri walipigiwa kura ya bahati, na waliotokewa na namba mbaya walikwenda jeshini. Ila sheria iliruhusu mtu kujikomboa kwa fedha: peseta 1,500 kwa utumishi wa ndani ya nchi, na 2,000 kwa aliyepangiwa makoloni ya ng'ambo. Kiasi hicho kilizidi mapato ya kibarua wa shamba ya mwaka mzima. Familia ziliuza ng'ombe, ziliweka shamba rehani, ziliingia madeni ya miaka mingi kwa ajili ya kumwokoa mtoto mmoja. Waliokuwa hawana cha kuuza waliwapeleka watoto wao. Basi watu walipouita utumishi huo kodi ya damu walikuwa wanaeleza hali halisi, kwa kuwa ni kodi iliyotozwa kwa mwili wa asiye na fedha peke yake.

Mwezi Julai 1909 mfumo huo ulipasuka. Makabila ya Rif, kaskazini mwa Moroko, yaliwashambulia wafanyakazi wa reli ya migodi karibu na Melilla, mji wa Wahispania katika pwani ya Afrika Kaskazini, na serikali ya Antonio Maura, mhafidhina, ikaamua kupeleka majeshi ikiwaita na askari wa akiba wa Katalonia, eneo la kaskazini-mashariki ambalo mji wake mkuu ni Barcelona. Wengi wao walikuwa wameshamaliza zamu zao, wameoa, wana watoto, na familia zao zilitegemea ujira wao wa kila siku. Walipandishwa meli katika bandari ya Barcelona mbele ya wake zao waliokuwa wakilia, huku mabibi wa familia tajiri, ambao watoto wao walikwisha kukombolewa, wakiwagawia medali za watakatifu na sigara. Tarehe 26 Julai mgomo mkuu ulianza. Kwa wiki nzima vizuizi vilisimamishwa mitaani, na makanisa na nyumba za watawa kadhaa zikachomwa moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wakati huo huo, tarehe 27 Julai, kikosi cha Wahispania kiliangamizwa katika bonde la Barranco del Lobo nje ya Melilla. Jeshi liliirudisha Barcelona mikononi mwa serikali, mahakama za kijeshi zikahukumu, na tarehe 13 Oktoba mwalimu Francisco Ferrer, mwanzilishi wa shule isiyofuata mafundisho ya Kanisa, alipigwa risasi katika ngome ya Montjuïc kwa kesi ambayo ushahidi wake ulikuwa dhaifu mno. Ulaya nzima ililaani. Maura akaanguka, mliberali Segismundo Moret akashika kwa miezi michache, kisha mwezi Februari 1910 mfalme akamwita Canalejas.

Lengo la Canalejas lilikuwa kuufanya ufalme uwe wa taifa zima, kusiwe na kundi lolote, hata la wanajamhuri na wafanyakazi, litakalojiona halina mahali ndani yake. Mwezi Oktoba mwaka huo huo 1910 mfalme wa jirani, Ureno, alipinduliwa na jamhuri ikatangazwa, kwa hiyo hatari aliyoiona Canalejas haikuwa ya kufikirika. Uchaguzi wa mwezi Mei 1910 ulipangwa kama chaguzi nyingine zote, wingi ukaenda kwa waliberali. Lakini Madrid, ambako vigogo hawakuwa na nguvu, ilimleta bungeni Msoshalisti wa kwanza katika historia ya Uhispania, Pablo Iglesias, mpiga chapa. Iglesias naye alizaliwa Ferrol, mwaka 1850, miaka minne kabla ya Canalejas. Watoto wawili wa bandari moja, mmoja wa familia ya mhandisi na wa pili wa familia ya maskini, waliketi katika ukumbi mmoja wakibishana kuhusu nani ana haki ya kusema kwa niaba ya mfanyakazi. Ningependa wanafunzi waliopo hapa wayasome mabishano yao, kwa kuwa ndani yake limo swali zima la enzi ile.

Hatua ya kwanza kubwa ya kuupunguza mzigo wa maskini ilikuwa kufuta ushuru wa vyakula ulioitwa consumos. Ushuru huu ulitozwa kwenye malango ya miji juu ya nyama, mafuta ya kula, divai, makaa na vitu vingine vya matumizi ya kila siku. Walinzi walisimama langoni wakipekua vikapu vya wanawake waliotoka sokoni, na mara nyingi ghasia za mjini zilianzia hapo hapo, kwa wanawake kuvichoma vibanda vya watoza ushuru. Tajiri na maskini walilipa kiasi kile kile kwa lita moja ya mafuta. Sheria ya tarehe 12 Juni 1911 iliufuta, na mahali pake zikawekwa kodi nyingine, ikiwemo kodi ya pango la nyumba iliyowaelemea zaidi wenye nyumba kubwa. Halmashauri za miji zilipinga kwa hofu ya kupoteza mapato, wenye mali walipinga, na hata baadhi ya wabunge wa chama chake walipiga kura ya hapana. Canalejas aliiambia kambi yake kwamba kuupinga muswada ule ni kuiangusha serikali, na muswada ukapita. Utekelezaji wake ulikwenda polepole kuliko alivyotaka, na miji kadhaa iliendelea kutoza ushuru huo kwa miaka zaidi, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Hatua ya pili ilikuwa sheria ya uandikishaji, iliyopitishwa katika misingi yake mwaka 1911 na kutimizwa mwaka 1912. Kwa mara ya kwanza kila kijana, tajiri au maskini, alilazimika kuvaa sare. Kujikomboa kwa fedha kulifutwa. Hapa lakini nawaomba tuangalie kwa makini, maana sifa hupungua mtu anaposoma vifungu vya ndani. Sheria iliacha daraja la askari wa malipo: aliyelipa peseta 1,000 alitumikia miezi 10, aliyelipa 2,000 alitumikia miezi 5, naye alijigharimia sare na kuruhusiwa kulala nje ya kambi, wakati kijana wa kibarua alitumikia miaka mitatu. Canalejas alijua kwamba bila kifungu hicho tabaka la kati lingeuangusha muswada, akakikubali. Mimi siwezi kumlaumu sana kwa hilo. Tofauti kati ya kutokwenda kabisa na kwenda kwa miezi 5 ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu vita vikizuka, askari wa malipo naye aliweza kuitwa, na mama yake naye angesimama bandarini. Matunda ya jambo hili yalikuja baada ya miaka kumi, nami nitayarudia kabla sijamaliza.

Kuhusu Kanisa nitasema machache kuliko mnavyotarajia. Canalejas mwenyewe alikuwa Mkatoliki, na nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha ibada. Alichokipinga ni hali ya mashirika ya watawa kuongezeka bila kufuata sheria ya vyama ya mwaka 1887, hasa baada ya watawa wengi kuhamia kutoka Ufaransa, ambako sheria za miaka ya 1901 na 1904 ziliwafungia shule zao. Mwezi Juni 1910 alitoa amri iliyofafanua kwamba waumini wa madhehebu mengine wanaweza kuweka alama na maandishi nje ya majengo yao ya ibada. Jambo dogo kama hilo, mlango wa kanisa la Kiprotestanti kuwa na bango, lilimfanya Papa Pius wa Kumi na katibu wake Merry del Val walete malalamiko makali, na kiangazi kile Madrid ikamwondoa balozi wake Vatikani. Mwishoni mwa Desemba ikapita Sheria ya Kufuli: kwa miaka miwili, shirika jipya lolote la watawa lisifunguliwe bila idhini ya serikali. Katika Seneti ilitiwa nyongeza kwamba ikiwa sheria mpya ya vyama haitakuwa imetungwa ndani ya miaka hiyo miwili, kufuli lenyewe litakoma. Canalejas aliikubali nyongeza hiyo akiamini atawahi kutunga sheria kamili. Kelele zilizopigwa na pande zote mbili zilikuwa kubwa kuliko nguvu ya sheria yenyewe.

Mabadiliko mengine yalipita bila kishindo, nayo yaligusa watu wengi. Tarehe 8 Machi 1910, Romanones akiwa waziri wa elimu, wanawake waliruhusiwa kujiandikisha vyuo vikuu bila kuomba kibali maalumu cha wakubwa kama ilivyokuwa kabla. Mwisho wa mwaka huo saa za kazi migodini ziliwekewa mpaka wa 9 kwa siku kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi. Mwaka 1912 ilikuja sheria ya kiti, iliyowalazimisha wenye maduka na ofisi kumpa kila mfanyakazi wa kike mahali pa kukaa, na mwaka huo huo kazi ya usiku viwandani ikapigwa marufuku kwa wanawake. Msichana aliyesimama nyuma ya meza ya duka kuanzia asubuhi hadi usiku, miguu imemvimba, alipata haki ya kuketi kwa nguvu ya sheria. Nayathamini mambo haya kuliko hotuba nyingi za bungeni.

Kwa Katalonia aliandaa muswada ulioruhusu wilaya kubwa kuungana na kuendesha kazi zao kwa pamoja: barabara, shule, hospitali. Prat de la Riba, kiongozi wa Wakatalani waliotaka mamlaka ya kujiendesha, na wenzake waliupokea vizuri. Upinzani mkali ulitoka ndani ya chama cha Canalejas, kwa Moret na kwa mbunge kijana kutoka Andalusia aliyeitwa Niceto Alcalá-Zamora, walioogopa taifa litameguka. Bunge la chini liliupitisha mwezi Oktoba 1912. Katika Seneti ulikwama.

Ndugu zangu, sisi tunaoyatazama mambo haya tukiwa Afrika hatuna ruhusa ya kupita Moroko kwa haraka. Mwezi Mei 1911 Wafaransa waliingia Fez. Canalejas, akihofia Ufaransa ingeichukua nchi nzima, aliamuru majeshi yashuke Larache mwezi Juni na kuikalia Alcazarquivir. Upande wa mashariki, kando ya mto Kert, mapigano yaliendelea na makabila ya Rif chini ya Mohamed Ameziane hadi kiongozi huyo alipouawa mwezi Mei 1912. Serikali iliyokuwa imeingia madarakani kwa sababu ya watu waliokataa kupelekwa Melilla ndiyo iliyopanua vita vya Melilla. García Prieto, waziri wa mambo ya nje, alijadiliana na Wafaransa kwa miezi mingi juu ya mipaka ya nchi ya watu wengine, na mkataba uliowapa Wahispania sehemu ya kaskazini ulitiwa saini tarehe 27 Novemba 1912, wiki mbili baada ya kifo cha Canalejas. Watetezi wake husema kwamba asingefanya hivyo Wafaransa wangefanya. Inawezekana, lakini watu wa Rif hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili, na katika hotuba zake za haki na usawa mimi sioni mahali alipowahesabu wao kuwa watu wanaostahili kuulizwa.

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Mwezi Agosti 1911 sehemu ya mabaharia wa meli ya kivita Numancia waliasi wakitaka jamhuri. Mmoja wao alipigwa risasi kwa hukumu ya kijeshi. Mwezi Septemba mgomo ulienea katika miji mingi, na huko Cullera, karibu na Valencia, umati ulimuua hakimu aliyekuja kutuliza ghasia. Canalejas alisimamisha haki za kikatiba, akafunga ofisi za vyama vya wafanyakazi. Shirikisho jipya la wafanyakazi la CNT, lililozaliwa Barcelona mwaka 1910, lilipigwa marufuku. Waliohukumiwa kifo kwa ajili ya Cullera walisamehewa wote isipokuwa mmoja, na mwezi Januari 1912 mfalme akaamua kumsamehe huyo mmoja naye. Canalejas alijiuzulu, akiona mfalme amejichukulia sifa ya huruma na kuiachia serikali lawama ya ukatili. Mfalme akamwomba abaki, naye akabaki. Kisa hicho kinaonyesha jinsi waziri mkuu wa nchi ile alivyokuwa ameninginia kwenye mkono mmoja tu.

Kisha ukaja mgomo wa reli. Ulianzia Katalonia mwezi Septemba 1912 na mwanzoni mwa Oktoba ukatishia nchi nzima. Madai yalikuwa ya mishahara na saa za kazi. Canalejas, mtoto wa mtu wa reli, alifanya kama alivyokuwa amefanya waziri mkuu Aristide Briand kule Ufaransa mwaka 1910: aliwaita wafanyakazi wa reli waliokuwa katika akiba ya jeshi, akawatia chini ya amri ya kijeshi, na kuanzia hapo aliyekataa kuendesha garimoshi hakuwa tena mgomaji bali askari aliyevunja amri. Mgomo ulikufa. Aliahidi sheria ya kuboresha hali zao, lakini aliwasilisha bungeni pia muswada wa kuzuia mgomo katika reli. Hapa ndipo ninapoomba mniruhusu nirudi kwenye nilichosema mwanzo. Mtu yule yule aliyelifanya jeshi kuwa wajibu wa wote, ili maskini asionewe, aliutumia wajibu huo wa kijeshi kumnyima maskini silaha pekee aliyokuwa nayo mahali pa kazi. Sidhani alikuwa mnafiki. Aliamini kwa moyo wote kwamba dola yenye akili njema inajua mahitaji ya mfanyakazi na itayatimiza, kwa hiyo mgomo dhidi ya dola kama hiyo aliuona kuwa utovu wa shukrani. Iglesias alimjibu bungeni kwa niaba ya watu ambao hawakutaka kupewa, walitaka kupatana.

Tarehe 12 Novemba 1912, kabla ya adhuhuri, Canalejas alitoka kwa mfalme, akatembea kwa miguu kwenda wizara ya mambo ya ndani katika uwanja wa Puerta del Sol. Hakupenda walinzi wamkaribie, wakawa nyuma. Alisimama kutazama vitabu kwenye dirisha la duka la San Martín, na hapo Manuel Pardiñas, anarkisti, yaani mpinga dola ya aina yoyote, akamfyatulia bastola kwa nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 58. Pardiñas alijipiga risasi papo hapo.

Kilichofuata kinapima kazi yake vizuri kuliko maoni yangu. Romanones alirithi serikali, na ndani ya mwaka mmoja chama cha waliberali kilipasuka kati yake na García Prieto, kisiungane tena sawasawa. Sheria mpya ya vyama haikutungwa, na kufuli likakoma lenyewe miaka miwili ilipotimia. Muswada wa Katalonia uliokolewa na mhafidhina, Eduardo Dato, aliyeutoa kwa amri mwezi Desemba 1913. Mwaka 1914 Wakatalani wakaunda chombo chao cha pamoja chini ya Prat de la Riba, wakajenga shule, maktaba na mtandao wa simu, mpaka udikteta ulipokifuta.

Sheria ya uandikishaji ndiyo iliyofika mbali kuliko alivyokusudia mtungaji wake. Mwezi Julai 1921 jeshi la Jenerali Silvestre, yule yule aliyekuwa ameongoza majeshi yaliyoingia Larache mwaka 1911, liliangamizwa na watu wa Rif huko Annual, na maelfu ya Wahispania wakafa kwa siku chache. Safari hii walioitwa kwenda kuziba pengo walikuwemo vijana wa peseta 1,000 na 2,000. Baba zao walikuwa mawakili, wafanyabiashara, wahariri wa magazeti. Mwaka 1909 walipochukuliwa watoto wa vibarua, Barcelona iliwaka moto na kuzimwa. Mwaka 1921 waliodai majibu walikuwa na sauti bungeni, nao waliuliza nani alitoa amri, jenerali yupi alizembea, na mfalme mwenyewe alijua nini. Jenerali Picasso aliandaa ripoti nzito. Kamati ya bunge ilikuwa imekaa kuichambua pale Jenerali Primo de Rivera alipofanya mapinduzi ya Septemba 1923, na Alfonso XIII akayakubali, katiba ya 1876 ikiwekwa kando na bunge likifungwa.

Mfalme aliyekubali hayo hakuwa tena na katiba ya kumkinga udikteta ulipochakaa. Tarehe 14 Aprili 1931, baada ya miji mikubwa kuwapigia kura wanajamhuri katika uchaguzi wa halmashauri, Romanones, waziri wa elimu wa Canalejas na mrithi wake, alikutana kwa daktari Gregorio Marañón na Niceto Alcalá-Zamora, yule mbunge aliyeupinga muswada wa Katalonia mwaka 1912, ambaye sasa aliongoza kamati ya wanajamhuri. Romanones aliomba muda. Alcalá-Zamora alimjibu kwamba mfalme aondoke Madrid kabla jua halijatua, na mfalme akaondoka jioni ile.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali.